Maji ya Mvua Yanakwenda Wapi? Kazi za Nje na Thamani ya Nyumba

Katika nyumba nyingi zinazojengwa Dar es Salaam, Mwanza au Nairobi, ua ndio unaofikiriwa mwisho. Fedha huenda kwanza kwenye msingi, kisha kuta, kenchi na bati, madirisha, marumaru za sebuleni, geti; na mwenye nyumba anapohamia, nje bado ni udongo uliochanganyika na kokoto zilizobaki na vipande vya tofali. Miaka miwili au mitatu baadaye, hela ikipatikana, anaitwa fundi wa pevingi, ambazo Wakenya huziita kabro, na ua mzima unafunikwa kutoka ukuta hadi ukuta. Mwenye nyumba anaamini kwamba ameipandisha nyumba bei. Huenda ameipandisha kweli, na huenda ameishusha. Jibu halimo katika rangi ya vitofali wala katika mpangilio wake; limo katika swali ambalo yeye na fundi mara nyingi hawakuulizana: mvua ikinyesha, maji yanakwenda wapi? Kazi za nje huongeza thamani ya nyumba, tena pengine kuliko fedha hizohizo zingetumika ndani, lakini huiongeza hasa kwa kuyaongoza maji na kuishika ardhi iliyoibeba nyumba. Uzuri wa macho unakuja nyuma ya hapo, na usipotanguliwa na kazi hiyo haudumu.

Ninaposema kazi za nje nakusudia vitu vyote vigumu vinavyojengwa kiwanjani nje ya kuta za nyumba: njia ya miguu na ya gari, maegesho, ngazi, baraza, mitaro, aproni ya zege inayozunguka msingi, kuta za kuzuia udongo, mashimo ya kunyonya maji, uzio na geti. Wathamini wa majengo wanalijua fungu hili vizuri. Nchini Tanzania, ambako kazi yao inaongozwa na Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016, mthamini anayeitwa kupima nyumba ana njia zaidi ya moja ya kufikia bei. Anaweza kuilinganisha na nyingine zilizouzwa karibuni katika mtaa uleule; anaweza kuangalia kodi inayoingiza; au anaweza kukadiria gharama za kuijenga upya leo, akatoa uchakavu, kisha akaongeza thamani ya kiwanja. Katika njia hii ya tatu, ambayo husaidia sana pale kumbukumbu za mauzo zinapokuwa chache, kazi za nje huhesabiwa peke yake, mbali na jengo. Hapo ndipo wengi hukatishwa tamaa. Pevingi iliyogharimu shilingi milioni nne haiwezi kuandikwa milioni nane; itaandikwa kwa kiasi ilichogharimu au pungufu, na kama imetitia na kuota magugu katikati, itaandikwa pungufu zaidi.

Kwa hesabu hiyo pekee, mtu angesema kazi za nje hazilipi. Lakini tazama mstari mwingine wa ripoti ileile, ule wa uchakavu wa jengo. Tuchukue mfano wa nyumba ambayo kuijenga upya leo kungegharimu shilingi milioni 100. Ikiwa kuta zake ni kavu na sakafu haina nyufa, mthamini anaweza kutoa asilimia 10 kwa ajili ya umri. Ikiwa plasta imevimba na kubanduka nusu mita kutoka chini, kona moja ya msingi imetitia, na ufa unapanda kutoka kwenye dirisha, anaweza kutoa asilimia 25 na hakuna atakayemlaumu. Tofauti ya shilingi milioni 15 imetokea kwenye kitu kikubwa kuliko vyote kiwanjani, na chanzo chake ni maji ya paa yaliyoachwa yamwagike kando ya msingi masika baada ya masika. Aproni, mtaro na shimo la kunyonya maji vingeizuia hasara hiyo kwa sehemu ndogo ya fedha hizo. Mnunuzi asiye na mthamini anapiga hesabu ileile kwa macho. Anaona ufa, anajiuliza umeanzia wapi, na kila asichopatiwa jibu anakikata kwenye bei.

Uzito wa maji yenyewe hauonekani mpaka mtu apige hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kiwanja cha ishirini kwa ishirini, kipimo kilichozoeleka midomoni mwa madalali, kina mita za mraba 400. Mvua ya milimita 50, ambayo wakati wa masika inaweza kushuka kwa saa chache tu, inakiangushia lita 20,000, yaani tani 20 za maji. Kwenye mchanga mtupu au nyasi sehemu kubwa ya maji hayo huzama. Juu ya bati, zege na vitofali vilivyobanana karibu yote hutiririka, tena kwa kasi. Kwa hiyo kila mita ya mraba inayofunikwa inayahamisha maji kutoka mahali kwenda mahali pengine, na fundi anayepanga vitofali anachora mkondo wake, ajue asijue. Kanuni za kuuongoza mkondo huo ni chache. Uso wa ua ushuke kutoka kwenye nyumba kwa sentimita moja na nusu hadi mbili kwa kila mita. Uwe chini ya karatasi ya kuzuia unyevu iliyolazwa juu ya msingi kwa angalau sentimita 15, ili matone yanayoruka kutoka ardhini yasizifikie tofali za juu. Maji ya gata yashushwe kwa bomba mpaka kwenye mtaro au tanki, yasiachwe yapige ardhi. Ua uliojazwa kifusi na kupangwa pevingi hadi usawa wa kizingiti cha mlango unapendeza siku ya kukabidhiwa, lakini umeifuta kanuni ya pili kabisa, na mara nyingi ya kwanza pia. Unyevu huanza kupanda ukutani mwaka huohuo, na rangi mpya haitauzuia.

Asidhani mtu kwamba ua wa udongo, kwa kuwa unanyonya maji, hauna hasara. Ua unaofagiliwa kila asubuhi ni alama ya usafi na heshima ya nyumba katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na desturi hiyo ni njema. Hata hivyo fagio huondoa utando mwembamba wa udongo kila siku, na mvua huchukua kilicholegea. Baada ya miaka mingi ardhi imeshuka. Katika mitaa ya zamani iliyo kwenye miteremko unaweza kuyaona mawe ya msingi ambayo mjenzi hakukusudia yaonekane, na mlangoni tofali mbili au tatu zilizowekwa ili watoto na wazee waweze kupanda, kwa sababu ngazi ya kwanza imebaki juu. Nyumba yenyewe haikusogea. Kilichoondoka ni ardhi iliyokuwa imeizunguka na kuikumbatia. Ukanda wa mawe au zege wa upana wa mita moja kuuzunguka msingi, ukiwa na ukingo imara upande wa nje, ungetosha kuukomesha mmomonyoko huo mahali pale unapodhuru zaidi, na ua uliobaki ungeendelea kufagiliwa kama kawaida.

Wajenzi wa miji ya pwani walilijua jambo hili karne nyingi kabla ya mashine ya kushindilia. Katika nyumba za mawe za Lamu, mji ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, mgeni hupokewa kwanza kwenye daka, kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe vilivyojengewa pande mbili. Ndani yake kuna kiwanda, ua ulio wazi juu, wenye sakafu ngumu inayopokea mwanga, hewa na mvua, na kutoka hapo kumbi zinapanda kidogokidogo kadiri mtu anavyoingia ndani, kiasi kwamba maji hayana njia ya kuwafuata watu vyumbani. Maji ya matumizi yalihifadhiwa kwenye birika la chokaa, na wenye nyumba walifuga humo samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa kwenye orodha hiyo mwaka 2000, mabaraza ya mawe yaliyoambatana na kuta za mbele yanajulikana kwa mazungumzo, kahawa na bao. Lakini wakati wa mvua kubwa, vichochoro vinapogeuka mito, watu hupita juu yake miguu ikiwa mikavu. Vilevile yanaukinga mguu wa ukuta. Hakuna kitu katika ujenzi huo kilichowekwa kwa urembo tu, na bado ni mzuri kiasi kwamba hoteli na nyumba za wageni zilizofunguliwa katika majumba hayo ya zamani hukalisha na kulisha wageni palepale, barazani na kiwandani. Sehemu iliyojengwa kwa ajili ya maji na kivuli imegeuka kuwa sehemu inayoingiza fedha.

Mahali ambapo kazi ya nje inaongeza thamani kwa uwazi zaidi ni kwenye mteremko. Kiwanja cha mita za mraba 400 kilichoinama kwenye vilima vya Mwanza, au kwenye mabonde ya Goba na Kinyerezi jijini Dar es Salaam, hakimpi mwenyewe mita 400 za kutumia. Gari halisimami, watoto hawachezi, na kila mvua inashuka na sehemu ya shamba la mwenye kiwanja cha juu. Ukuta wa kuzuia udongo unaokigawa kiwanja hicho katika matuta mawili ya tambarare unafanya jambo ambalo marumaru au dari haviwezi: unaongeza ardhi inayotumika. Hapa mnunuzi haulipii ukuta, analipia uwanja uliopatikana kwa sababu ya ukuta, na uwanja huo huhesabiwa kwa bei ya ardhi ya mtaa ule. Mwanza ina bahati ya pekee, kwa kuwa mawe yake ya matale yanapasuliwa palepale mjini, na mafundi wake wana uzoefu wa kuyajengea ngazi na kuta kwenye miamba ambako katika miji mingine hakuna ambaye angethubutu kujenga.

Ila ukuta huo una hesabu kali. Msukumo wa udongo nyuma yake hauongezeki sawasawa na urefu. Ukuta ukiongezwa urefu mara mbili, msukumo unakuwa mara nne, na nguvu inayotaka kuuangusha kifudifudi inakuwa mara nane. Ndiyo maana ukuta wa mita moja aliojenga fundi wa mtaani unaweza kusimama miaka 30, na wa mita tatu aliojenga fundi yuleyule kwa mtindo uleule ukalala masika ya kwanza. Adui mkubwa zaidi ni maji yaliyonaswa nyuma ya ukuta, kwa sababu mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani nzima, na udongo uliolowa unasukuma kuliko mkavu. Kwa hiyo nyuma ya ukuta huwekwa tabaka la kokoto, na ukutani huachwa matundu ya kutolea maji kila baada ya mita moja au mbili. Matundu hayo ni mapengo yasiyotumia hata mfuko mmoja wa saruji, na bado mara nyingi ndiyo yanayosahauliwa. Ukuta ukizidi mita moja na nusu, mwenye nyumba amlipe mhandisi auchore. Gharama ya mchoro ni ndogo mno ukiilinganisha na ya ukuta uliolalia nyumba ya jirani.

Pevingi nazo zina siri iliyo chini yake, na ndiyo inayoamua kama fedha zimewekezwa au zimefukiwa. Udongo wa juu wenye mizizi unaondolewa; ardhi inashindiliwa; juu yake linakuja tabaka la moramu au mawe yaliyopondwa la sentimita 10 hadi 15 na kushindiliwa tena; kisha mchanga wa sentimita tatu hadi tano uliosawazishwa; ndipo vitofali vinapangwa. Vya unene wa milimita 60 vinatosha kwa miguu na magari madogo. Malori yanahitaji milimita 80. Pembeni ni lazima uwepo ukingo wa mawe au zege, kwa kuwa vitofali hivi havina saruji kati yake, vinashikana kwa kubanana, na ukingo ukilegea vyote vinaanza kutembea. Maeneo yenye udongo mweusi wa mbuga, kama Embakasi, South C na Syokimau upande wa Kenya, yana tabu zaidi. Udongo huo huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na kila kilicho juu yake hupanda na kushuka nao. Hapo kuchimba na kubadilisha udongo si hiari, na mnunuzi wa maeneo hayo anajua kusoma mawimbi kwenye maegesho kuliko anavyosoma maelezo ya dalali.

Sasa nije kwenye kosa ninaloliona kubwa kuliko yote, la kufunika ua mzima. Uingereza ililipia somo hilo kwa gharama. Baada ya mafuriko ya kiangazi cha 2007, ambayo kwa sehemu kubwa yalitokana na maji ya juu ya ardhi yaliyozidi uwezo wa mitaro ya miji, serikali iliweka kanuni kwa England kuanzia Oktoba 2008: anayetaka kufunika zaidi ya mita tano za mraba za ua wa mbele kwa kitu kisichopitisha maji, bila kuyaelekeza maji hayo kwenye nyasi au udongo wake mwenyewe, aombe kibali cha mipango miji. Kibali kwa mita tano, eneo ambalo gari dogo halienei! Sababu ni kwamba ua mmoja haudhuru mtu, lakini nyua za mtaa mzima zinaweza kuugharikisha mtaa ulio chini. Dar es Salaam inalijua jambo hili kwa machungu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40, na wakazi wengi wa bonde la Msimbazi walihamishiwa Mabwepande. Sababu za mafuriko ya bonde lile ni nyingi, zikiwemo taka, mchanga unaojaza mto na ujenzi ndani ya bonde lenyewe, na itakuwa dhuluma kuzitupia pevingi lawama zote. Hata hivyo kila paa na kila ua uliofungwa huko juu unaharakisha maji yanayokwenda huko chini, na Barabara ya Morogoro inapofungwa pale Jangwani, mwenye nyumba ya kilimani naye anakwama. Thamani ya nyumba ni pamoja na uwezekano wa kuifikia.

Wapo watakaojibu, na wana haki, kwamba watu hawafuniki ua kwa ujinga. Wanakimbia tope la masika, vumbi la kiangazi, nyasi ndefu zinazoficha nyoka, na madimbwi ya mbu. Mama anayeanika nguo na kupika nje anajua faida ya sakafu ngumu kuliko mwandishi yeyote. Hoja hiyo naikubali yote. Ninachopinga ni kuitumia pasipohitajika. Miguu na magurudumu hupita kwenye sehemu ile ile ya ua kila siku, na hiyo ndiyo ya kujengwa vizuri, kwa msingi wa kutosha. Maegesho yanaweza kupangwa vitofali vyenye matundu yanayoota nyasi, na pembezoni mwa uzio kukawekwa kokoto au kuachwa udongo wenye miti na maua. Maji ya paa yakiingizwa kwenye tanki lililochimbwa chini ya maegesho, ua unapumzika na nyumba inapata akiba: paa la mita za mraba 150, likikinga asilimia 80 ya mvua ya milimita 1,000, linatoa lita 120,000 kwa mwaka. Katika miji yenye mgao wa maji, tanki hilo ni miongoni mwa maswali ya kwanza ya mpangaji. Na kuna suala la joto, ambalo kwa watu wa pwani halihitaji ushahidi mrefu. Zege hunyonya jua mchana kutwa na kulitoa usiku, wakati wa kulala. Mwembe mmoja ulioachiwa mita chache za udongo wazi utaupoza ua ambao vitofali vya rangi yoyote haviwezi kuupoza.

Pingamizi jingine linatoka kwa madalali. Wao wanasema mnunuzi hununua kwa macho, geti likifunguliwa bei imeshaamuliwa, na hakuna anayeinama kutazama mtaro. Kuna ukweli ndani yake. Lakini macho yenyewe yanapenda vitu vyenye kazi kuliko tunavyodhani. Nchini Marekani, ambako chama cha madalali wa majengo na chama cha wataalamu wa bustani hutoa ripoti kuhusu marejesho ya kazi za nje, ripoti ya mwaka 2023 ilikadiria kwamba baraza jipya lililosakafiwa hurudisha karibu asilimia 95 ya gharama yake nyumba inapouzwa, ilhali bwawa la kuogelea hurudisha kama asilimia 56. Hayo ni makadirio ya madalali kwa soko lao, lenye mikopo ya nyumba na tabia ya kuhama mara kwa mara, kwa hiyo siyachukui kama bei za Mbezi wala za Ruaka. Ninachokichukua ni mwelekeo: mahali pa kuketi, ambapo familia yoyote itapatumia, panathaminiwa kuliko kionyesho kinachodai matunzo. Kwetu mahali hapo ni baraza lenye kivuli. Chemchemi ya zege yenye simba ni ladha ya mtu mmoja, na anayefuata atalipa fundi aibomoe.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni kwamba bei ya nyumba huamuliwa na eneo, barabara na hati, na kwamba hakuna ua utakaomwokoa mwenye kiwanja kisichopimwa. Hilo ni kweli, na linaweka mpaka. Kila mtaa una bei ambayo mnunuzi hataivuka, na nyumba ya kawaida iliyozungushiwa mawe ya Mazeras na taa za bustani katika mtaa wa nyumba za kawaida itauzwa kwa bei ya mtaa. Mwenye fedha kidogo na kiwanja kisicho na hati aanze na hati. Lakini nyumba mbili za mtaa mmoja, zenye hati zinazofanana na vyumba vinavyolingana, haziuzwi bei moja wala kwa kasi moja, na tofauti yao ndiyo tunayoijadili. Mnunuzi mwangalifu huja kutazama wakati wa mvua, huuliza majirani na ofisi ya serikali ya mtaa kama maji huingia, na huchunguza ule ukanda wa chini ya ukuta uliopakwa rangi juzi wakati sehemu ya juu ina rangi ya zamani. Eneo linamleta mnunuzi mpaka getini. Kuanzia pale, kila hatua anayopiga inampa sababu ya kuongeza au kupunguza.

Wengine watauliza thamani ya nini, ikiwa nyumba hatuiuzi. Nyumba kwa familia nyingi ni ya kuzeekea na kurithisha, na kuizungumzia kama bidhaa kunaweza kusikika vibaya. Thamani hata hivyo hutumika kwa njia nyingi kabla ya mauzo. Benki huipima inapotoa mkopo wa biashara. Barabara mpya inapopita, Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 inataka fidia izingatie maendelezo yaliyofanywa kwenye ardhi, na ukuta, kisima na maegesho ni maendelezo. Mpangaji huipima anapoamua kukaa miaka mitano au kuhama baada ya masika moja. Na warithi, wanapogawana, hupokea nyumba kavu au hupokea deni la ukarabati. Bibi mwenye magoti mabovu, anayeweza kutoka mlangoni hadi getini juu ya njia isiyoteleza na ngazi za kimo kimoja, naye ameongezewa kitu, ingawa hakuna mthamini atakayekiandika.

Kuhusu gharama, kazi hizi zina faida moja ambayo paa halina: zinaweza kufanywa kwa awamu, na kila awamu ikafaa kivyake. Mwaka wa kwanza gata, mabomba ya kushushia, aproni na shimo la kunyonya maji. Kisha ukuta wa kuzuia udongo, kama kuna mteremko, kwa sababu kila kitakachofuata kitasimama juu yake au chini yake. Halafu njia na maegesho, baraza, na mwisho kabisa taa na mapambo. Anayeanza na pevingi na kumalizia na mabomba atazing'oa, na vitofali vilivyong'olewa havirudi jinsi vilivyokuwa. Kabla ya kufukia chochote, apige picha za mitaro, za tabaka za moramu na za nondo za ukuta, futi kamba ikiwa imenyooshwa kando ili vipimo visomeke, na aziweke pamoja na risiti na mchoro wa mhandisi. Kazi iliyo chini ya ardhi mthamini haioni akija kupima, na mnunuzi hana sababu ya kuiamini kwa maneno matupu. Bahasha hiyo itawaonyesha wote wawili kilichofukiwa.